Wiki ya Utalii

Hapa Montevideo Wiki Takatifu haina jina lake.
Kalenda ya serikali huiita Wiki ya Utalii,
na Krismasi ni Siku ya Familia,
kana kwamba Mtoto alizaliwa
ili mashangazi wapate kuonana.
Sinung'uniki. Nimezaliwa humu humu, nimezoea
kutembea na jina la siku mfukoni
kama mtu aliyebaki na ufunguo
wa nyumba iliyokwisha kuuzwa.

Mimi ni fundi viatu. Dardo, mtaa wa Reducto,
duka la upana wa mlango na nusu.
Alhamisi Kuu mji wote hukimbilia ufukweni
na kila anayekimbia anataka kisigino chake leo.

Alikuja Zulma, mchezesha karata wa kasino,
viatu vyekundu, soli imeliwa upande wa kushoto.
Wakaja vijana wawili, Ulises na mwenzake.
Wanafunga ndoa mwezi wa tano,
wanataka viatu vya rangi moja, saizi mbili.
Paroko wangu ana maneno yake juu ya hilo.
Mimi nina maswali yangu, sijayamaliza,
na wao wana yao juu yangu: niliona
macho yao yakipanda hadi kwenye msalaba
ulio juu ya cherehani.
Tukanyamaza, wote watatu.
Kisha nikapiga goti,
maana mguu haupimwi kutoka juu.
"Soksi ina tundu, samahani," akasema Ulises.
Nikamshika kisigino. Kilikuwa cha baridi.

Saa moja jioni. Saa ileile, kanisani,
paroko alikuwa akimimina maji
juu ya miguu ya watu kumi na wawili
waliokwisha kuiosha nyumbani kwao.
Misa sikuiwahi. Kisigino kilinichelewesha.
Bado sijui kama hiyo ni dhambi
au ni kinyume chake.

Ijumaa akaja binti yangu, Romina,
anayeamini chanjo, chama cha wafanyakazi, na mbwa wake.
"Baba, Milton anachoma nyama darini. Twende.
Mungu wako hatakufa tena kwa ubavu mmoja."
Nikaitafuta hasira.
Nikakuta njaa.

Nikapanda ngazi na mkate wangu na nyanya zangu mbili
kama mtu anayekwenda harusini na kiti chake.
Huko juu, kila paa la Reducto lilikuwa na moshi,
moshi mnene, wa mafuta, ukinyooka
kama wa chetezo, na hakuna aliyekuwa akiomba,
au labda hakuna aliyejua.

Milton, ambaye miaka thelathini
amewaita mapadre kunguru, na mimi mtoto wa kunguru,
alisogeza makaa pembeni kwa koleo,
akatandika wavu mwingine, mdogo,
akaweka samaki mmoja, korvina, mwenye limau tumboni.
"Wavu huu haujagusa nyama," akasema
bila kunitazama. "Nimeusugua mwenyewe.
Sheria zenu sizijui. Nimekisia tu."

Nilikuwa na maneno tayari.
Nilikuwa nimeyapanga ngazini, kidato kwa kidato:
kwa nini sili nyama, kwa nini siku hii,
ni nani aliyekufa na alikufia nani.
Nilikuja kuwa shahidi, nikashuhudiwa.
Romina akageuza uso, akajifanya moshi umemwingia.
Na sala ya chakula? Niliisahau,
naungama, nilikumbuka samaki amefika nusu,
nikaisema na mwiba mdomoni.

Samaki alizidi chumvi.
Nilimla mpaka kichwa.

Leo ni Jumamosi. Mji umelala ufukweni.
Nimefungua duka, sina mteja.
Jozi mbili za rangi moja zimelala dirishani,
soli zikitazama juu.
Gundi haijakauka.
Haiharakishwi, gundi. Unaibana, unaiacha,
unakaa nayo kimya hadi kesho.